Mwongozo kamili: Namna ya kuchagua njia za mkato za kibodi zisizogongana wala kuchosha vidole

Kila juma lazima aje mtu, au anitumie picha ya skrini, na lalamiko ni lile lile: "Nimeweka njia ya mkato, haifanyi kazi." Au inafanya kazi, ila inafanya mambo mawili kwa mpigo. Wengi ni wanafunzi wa chuo hapa Dodoma wanaojifunza kuandika programu, na wengine ni vijana wa tovuti wanaofanyia kazi vyumbani mwao Kisasa na Nkuhungu. Nikiwauliza walichaguaje vitufe vya njia hiyo, yaani vile wanavyobonyeza badala ya kushika kipanya, jibu ni: "Niliona vipo wazi."

Mtu wa Dodoma anapaswa kujua hatari ya neno hilo. Unaona pori, unafyeka, unamwaga tofali, siku ya tatu anakuja mwenye hati. Vitufe navyo viko hivyo. Ndani ya VS Code (programu ya kuandikia programu nyingine) vinaonekana havina mtu, kumbe Windows ilishavimiliki zamani.

Mwongozo huu unatumia VS Code kwenye Windows na Ubuntu, kwa kuwa ndizo ninazokutana nazo zaidi. Wanaotumia Word na LibreOffice nimewawekea maelezo yao karibu na mwisho.

## Vitu vya kuandaa

- Kompyuta utakayoifanyia kazi kila siku, na kibodi yake ile ile. Usipange vitufe kwenye kibodi kubwa ya mezani halafu ukaenda kuvitumia kwenye kompyuta mpakato. Nafasi za Ctrl na Fn hazifanani.
- Kaunta buku na kalamu.
- Faili la majaribio lenye mistari kama 20 ya maneno yoyote. Usijaribie kwenye utafiti wako.
- Brashi laini iliyo safi, ile ya kupakia rangi.
- Dakika 40 za utulivu, halafu wiki mbili za kuzoea.

## Hatua ya 1: Safisha kibodi kwanza

Brashi si mapambo. Kiangazi cha huku, upepo unapoanza kubeba vumbi, kibodi iliyokaa karibu na dirisha hujaa mchanga mwembamba chini ya vitufe. Shift inabonyea nusu, na wewe unasema njia ya mkato imegoma. Nimeshawahi kupoteza saa nzima nikitafuta mgongano ambao haukuwepo, kumbe Ctrl ya kushoto ilikuwa inashika pale inapojisikia.

Zima kompyuta, iinamishe, piga brashi kati ya vitufe. Washa, fungua faili la majaribio, kisha bonyeza Ctrl ya kushoto na A, halafu Ctrl ya kulia na A. Rudia na kila Shift pamoja na herufi kadhaa. Alt ya kushoto na F ifungue menyu ya kwanza juu.

Umefaulu kama: kila kitufe kinaitika kwa mguso mmoja, bila kukandamiza. Kisichoitika kiandike kwenye kaunta buku na usikitumie kabisa.

## Hatua ya 2: Andika kazi kabla ya vitufe

Fanya kazi siku moja kama kawaida. Kila mkono unapoacha kibodi kwenda kwenye kipanya, chora kistari na uandike ulikuwa unafuata nini: kufuta mstari, kunakili mstari, kuhamisha mistari, kupanga orodha kwa alfabeti. Jioni hesabu vistari. Chagua kazi 5 zilizoongoza.

Tano tu. Wanaoshindwa, karibu wote, waliweka njia 30 usiku mmoja, na asubuhi hawakumbuki hata moja.

Sasa angalia kama kazi hizo hazina njia tayari. Bonyeza Ctrl+K kisha Ctrl+S, utafunguliwa ukurasa wa njia zote za mkato. Andika jina la kazi kwenye kisanduku cha kutafutia. Utashangaa. Kufuta mstari ni Ctrl+Shift+K. Kuusogeza mstari juu au chini ni Alt na mshale. Kuchagua neno linalofuata linalofanana na ulilochagua ni Ctrl+D. Mara nyingi nusu ya orodha ya mtu inaishia hapa, kwa sababu alichokuwa anataka kutengeneza kipo.

Umefaulu kama: una orodha fupi ya kazi ambazo hazina njia, au zenye njia inayokuumiza mkono.

## Hatua ya 3: Jua nani anakidaka kitufe kwanza

Hii ndiyo hatua ambayo watu wanairuka. Kitufe ukikibonyeza hakiendi moja kwa moja kwa VS Code. Kinapita kwa wakubwa wake kwanza, na yeyote kati yao anaweza kukidaka kikaishia hapo.

Wa kwanza ni kibodi yenyewe. Kwenye kompyuta mpakato nyingi, F1 hadi F12 zimepewa kazi za sauti na mwanga wa skrini, na ili upate F5 ya kweli lazima ushike Fn. Ukiweka njia kwenye F6, unaweza kujikuta unapunguza sauti.

Wa pili ni mfumo endeshi. Windows haikuachii Alt+Tab, Alt+F4, Ctrl+Esc, Ctrl+Shift+Esc, Alt+Space, wala mchanganyiko wenye kitufe cha Windows kama Windows+L. Ubuntu nayo ina Ctrl+Alt+T ya kufungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri. Ukishika Ctrl+Alt+F3 skrini inageuka nyeusi yenye maandishi meupe tu. Usiogope, kazi yako ipo, jaribu Ctrl+Alt+F2 au Ctrl+Alt+F1 kurudi.

Wa tatu ni programu za pembeni zinazokaa kimya chinichini. Hizi ndizo mbaya, maana hazionekani. Kijana mmoja aliniletea kompyuta ameishika kichwa chini miguu juu, anatembea nayo hivyo hivyo tangu getini.

"Shikamoo kaka. Kioo kimepinduka."

"Marahaba. Ulibonyeza nini?"

"Nilikuwa naongeza kielekezi cha pili kwenye mstari wa chini."

Alikuwa hajakosea kitu. Kwenye Windows, VS Code huongeza kielekezi (kile kistari kinachopepesa unapoandika) mstari wa chini kwa Ctrl+Alt na mshale wa chini. Lakini kompyuta yake ilikuwa na programu ya kusimamia picha iliyotumia vitufe hivyo hivyo kupindua skrini. Kwa kuwa programu ile inasimama mlangoni kabla ya VS Code, ilidaka yenyewe. Ctrl+Alt na mshale wa juu ikairudisha sawa. Kisha tukaingia kwenye mipangilio ya programu ile tukazima vitufe vyake vyote, kwani hajawahi kuvihitaji.

Wa nne ni kivinjari, kama unaandikia ndani yake. Ctrl+W, Ctrl+T na Ctrl+N ni mali yake, na Ctrl+W itakufungia ukurasa mzima.

VS Code ni wa tano. Na humo ndani bado kuna nyongeza ulizopakua, ambazo kila moja imekuja na vitufe vyake.

### Mgongano unaotuhusu sisi zaidi

Huu nimeutenga kwa sababu unaharibu Kiswahili chenyewe. Windows ikiwa na mipangilio miwili ya kibodi, Alt ya kushoto na Shift hubadilisha lugha, na Ctrl na Shift huweza kubadilisha mpangilio ndani ya lugha hiyo hiyo. Sasa mtu anataka kunakili mstari kwa Shift+Alt na mshale wa chini. Anashika Shift na Alt, anasita, anaghairi, anaachia. Mpangilio umeshabadilika na hajui.

Kama ule wa pili ni wa Kimarekani wa kimataifa, alama ya ' haitokei papo hapo tena. Inasubiri herufi inayofuata na kuikalia kichwani. Andika ng'ombe, unapata ngómbe. Andika Chang'ombe, unapata Changómbe. Ng'ong'ona ndiyo usiseme. Mtu analaumu kibodi, anakwenda kununua nyingine, na mpya nayo inaandika vile vile.

Dawa: fungua mipangilio ya lugha ya Windows, ondoa mpangilio wa pili kama huutumii. Kama unautumia, zima vile vitufe vya kubadilishia na ubaki na Windows+Space.

Onyo: kwenye mpangilio huo huo wa kimataifa, Alt ya kulia ni sawa na kushika Ctrl na Alt pamoja. Ndiyo maana njia za Ctrl+Alt na herufi huandika é au á badala ya kufanya kazi, au kinyume chake. Mimi Ctrl+Alt na herufi siigusi kabisa kwenye Windows, hata ikionekana wazi.

Umefaulu kama: kwenye kaunta buku una ukurasa wenye kichwa "Vina wenyewe", na chini yake vitufe vyote ambavyo hutavigusa.

## Hatua ya 4: Uliza mkono wako

Weka vidole mahali pake, vya shahada juu ya F na J, pale penye vijinundu. Kutoka hapo, shika vitufe unavyofikiria kuvitumia na uvishikilie sekunde 5. Tazama mambo matatu: kiganja kimenyanyuka? Kidole kidogo kimejikunja kama ndoano? Vidole vingine vimeondoka kwenye safu yao? Likitokea hata moja, tafuta vitufe vingine.

Kidole kidogo ni dhaifu na ndicho kinachobebeshwa Ctrl siku nzima. Gumba lina nguvu na halina kazi zaidi ya kugonga nafasi. Kwa hiyo kazi unayoirudia mara nyingi ipeleke kwenye Alt, inayokaa karibu na gumba. Herufi ikiwa upande wa kushoto, shika Ctrl ya kulia. Ikiwa kulia, shika ya kushoto. Mikono miwili igawane, asibebe mmoja.

Vitufe vitatu kwa mkono mmoja vinavumilika mara moja moja. Vinne, yaani Ctrl, Alt, Shift na herufi, hiyo ni mazoezi ya viungo. Achana nayo.

Kuna njia iliyo laini kuliko zote hizo: kufuatanisha. Unabonyeza mchanganyiko mmoja, unaachia, kisha unabonyeza herufi moja. VS Code yenyewe inafanya hivyo na Ctrl+K. Hakuna kushikilia, na mchanganyiko mmoja wa mwanzo unakupa herufi zote kama watoto wake. Mimi mwanzo wangu ni Alt+Q: gumba la kushoto kwenye Alt, kidole kidogo kwenye Q. Alt na herufi nyingine nyingi zimeshachukuliwa, kwa mfano Alt+F, Alt+E na Alt+V hufungua menyu za juu, na Alt+Z hukunja mistari mirefu. Q ilikuwa imekaa tu. Kiswahili hakina kazi nayo, basi nimeipatia.

Herufi ya pili ifuate neno la Kiswahili la kazi yenyewe. N ni nakili, F ni futa, P ni panga, U ni unganisha, K ni kubwa. Unachokisema kichwani ndicho kidole kinachotafuta. Walioweka herufi za Kiingereza nao hawajakosea, ila mimi nikiwa nimechoka saa sita usiku nafikiri kwa Kiswahili.

Onyo: kazi ya kuharibu isikae jirani na kazi ya kila dakika. Kwenye Ubuntu, Ctrl+W hufunga faili na Ctrl+Q hufunga programu nzima, na vitufe vimepakana. Nitaonyesha chini jinsi ya kuikata hiyo.

## Hatua ya 5: Kagua hati kabla ya kujenga

Rudi kwenye ukurasa wa Ctrl+K Ctrl+S. Pembeni ya kisanduku cha kutafutia kuna alama ya kibodi. Ibonyeze, kisha bonyeza vitufe unavyovitaka. Ukurasa utaonyesha kila amri inayotumia vitufe hivyo, zikiwemo za nyongeza. Zima alama hiyo ukimaliza, la sivyo kila utakachobonyeza kitarekodiwa.

Orodha ikiwa tupu, VS Code haina dai. Sasa hakikisha na wale wakubwa wa nje: funga ukurasa, weka kielekezi kwenye faili la majaribio, bonyeza vitufe hivyo. Kisitokee chochote. Skrini isipinduke, herufi isiandikwe, dirisha lisifunguke. Fungua na programu nyingine mbili unazotumia sana, jaribu humo pia.

Orodha ikiwa na amri moja au mbili, usikate tamaa. Tazama safu ya "When" upande wa kulia. Amri mbili zinaweza kutumia vitufe vile vile bila kugombana ikiwa moja inafanya kazi kwenye maandishi na nyingine kwenye terminali.

Umefaulu kama: unaweza kusema kwa uhakika vitufe hivyo havifanyi lolote, popote unapofanyia kazi.

## Hatua ya 6: Andika njia zako

Kwenye kona ya juu kulia ya ukurasa ule kuna alama ya karatasi yenye mshale. Inafungua faili la `keybindings.json`. Ningeweza kukuelekeza kubofya bofya, lakini faili unaweza kulisoma, kulinakili na kulirekebisha hata baada ya mwaka. Andika hivi:

```
[
  { "key": "alt+q n", "command": "editor.action.copyLinesDownAction",
    "when": "editorTextFocus && !editorReadonly" },
  { "key": "alt+q f", "command": "editor.action.deleteLines",
    "when": "editorTextFocus && !editorReadonly" },
  { "key": "alt+q p", "command": "editor.action.sortLinesAscending",
    "when": "editorTextFocus && !editorReadonly" },
  { "key": "alt+q u", "command": "editor.action.joinLines",
    "when": "editorTextFocus && !editorReadonly" },
  { "key": "alt+q k", "command": "editor.action.transformToUppercase",
    "when": "editorTextFocus && !editorReadonly" },
  { "key": "ctrl+q", "command": "-workbench.action.quit" }
]
```

Sehemu ya `when` ndiyo mpaka wa kiwanja. Inasema njia hii ifanye kazi kielekezi kikiwa kwenye maandishi, na faili liwe linaruhusu kubadilishwa. Ukiiacha, njia yako itafanya kazi kila mahali, hadi ndani ya terminali.

Mstari wa mwisho una alama ya kutoa mbele ya amri. Hiyo inaivua Ctrl+Q kazi yake ya kufunga programu. Ni ya watu wa Ubuntu. Wa Windows ufute, na ufute pia alama ya mkato (,) iliyo mwisho wa mstari wa juu yake.

VS Code husoma sheria hizi kuanzia chini kwenda juu, na ya kwanza kulingana ndiyo inayoshinda. Zako huwekwa chini ya zile za asili, ndiyo maana zinazishinda. Ukiandika vitufe vile vile mara mbili kwa masharti yale yale, ya chini ndiyo itakayofanya kazi, na utabaki unashangaa ile ya juu imekufaje.

Onyo: alama ya mkato (,) ikikosekana kati ya mabano, VS Code itachora mstari mwekundu. Usihifadhi ukauacha hivyo.

Umefaulu kama: ukibonyeza Alt+Q na kuachia, mstari wa chini kabisa wa dirisha unakuambia unasubiriwa kitufe cha pili. Ukibonyeza N, mstari unajirudia. Ukishika Alt peke yake ukaghairi, menyu ya juu inaweza kuwaka. Bonyeza Esc, endelea.

## Hatua ya 7: Ijaribu mahali pane

Kwenye faili la maandishi, ndani ya terminali, ndani ya kisanduku cha Ctrl+F, na kwenye faili lisiloruhusu kubadilishwa. Hapo pa terminali pawe na jicho kali: Ctrl+C husimamisha programu inayoendelea, Ctrl+R hutafuta amri za nyuma, Ctrl+D huweza kukutoa kabisa. Njia yako isizinyang'anye.

Ikigoma na hujui nani kaidaka, bonyeza Ctrl+Shift+P, andika "Toggle Keyboard Shortcuts Troubleshooting", bonyeza Enter. Sasa bonyeza vitufe vyako. Chini itatokea taarifa ya kila kitufe kilichopokelewa na amri iliyoitwa. Kama imeitwa amri usiyoitarajia, mgongano uko ndani. Kama hakuna kilichoandikwa kabisa, VS Code haikupata kitu: kimedakwa njiani, rudi hatua ya 3. Chombo hiki peke yake kimenipunguzia wageni nusu.

## Hatua ya 8: Zoeza vidole

Anza na njia 2 wiki ya kwanza, 3 zilizobaki wiki ya pili. Zibandike kwa karatasi chini ya skrini, na kila ukienda kwenye kipanya kwa kazi yenye njia, rudi uifanye upya kwa vitufe. Inaudhi siku mbili tatu tu.

Njia unayoikosea kila mara baada ya wiki mbili ibadilishe bila huruma. Kifundo kikiuma, ifute siku hiyo hiyo.

## Kwa wanaotumia Word na LibreOffice

Makatibu na wenye steshenari, kanuni ni zile zile. Kwenye Word, nenda kwenye mipangilio ya utepe wa juu, "Customize Ribbon", na chini yake kuna kitufe cha kurekebisha kibodi. Ukibonyeza vitufe, kijisanduku kinakuonyesha kama vimeshapewa amri nyingine. Soma hapo kabla ya kukubali. Kwenye LibreOffice ni menyu ya "Tools", kisha "Customize", kisha "Keyboard". Ile habari ya ng'ombe inawahusu nyie kuliko hata waandika programu, na Word ina kawaida ya kutumia Ctrl+Alt sana, kwa mfano Ctrl+Alt+1 kwa kichwa cha habari.

## Hatua ya 9: Tunza nakala

Faili lako liko `%APPDATA%\Code\User` kwenye Windows, na `~/.config/Code/User` kwenye Ubuntu. Linakili kwenye flashi au ujitumie kwa barua pepe.

Kwenye kompyuta ya maabara au ya rafiki, usimbadilishie mtu vitufe vyake. Kuna dada aliacha Alt+Q zake kwenye mashine ya darasa, na aliyekaa baada yake akafuta mistari ya kazi ya wiki nzima akidhani anatafuta menyu. Ctrl+Z ilimwokoa, maana alikuwa hajafunga faili. Kama ni lazima, weka faili lako, fanya kazi, na ukimaliza libandue, fungua Ctrl+K Ctrl+S uhakikishe hakuna njia yako iliyobaki.